"Mimi China siuzi, nanunua": kwa nini chapa yako isajiliwe na huko

"Wakili, mimi China siuzi. Nanunua tu. Sasa nikasajili jina huko ili iweje?"

Mteja wa Kariakoo akivuta kiti ofisini kwangu, swali hili najua linakuja. Na wala si swali la ovyo. Alama ya biashara inalindwa nchi kwa nchi. Cheti cha BRELA, ofisi yetu ya kusajili alama na majina ya biashara, kinaishia Tanzania Bara; ukipanda boti kwenda Unguja tu, umeingia himaya ya ofisi nyingine, BPRA, yenye daftari lake na fomu zake. Kwa hiyo mtu anayeuza Dar, Mwanza na Lubumbashi anapiga hesabu iliyonyooka: nasajili ninakouza, basi. China ni kiwanda tu.

Aliyeniuliza mara ya mwisho ni kaka mmoja mwenye fremu mtaa wa Aggrey. Anauza chaja, pawabenki na spika ndogo zile za kuning'iniza begani, zote kwa jina alilolibuni mwenyewe. Jina lenyewe nalificha, tuliite TIMKA. Akaniwekea boksi la chaja mezani. Nikamuuliza limechapwa wapi. "Shenzhen, hukohuko kiwandani." Nikamwambia basi jina lako linatumika China kila kiwanda kinapowasha mashine, na huko kuna mtu anaweza kuwa analimiliki.

Hapo ndipo penye utata ambao wafanyabiashara wengi hawaujui. Kwa miaka mingi hata mahakama za China zilikuwa hazijakubaliana: kiwanda kikibandika jina la mteja wa nje kwenye bidhaa, na bidhaa zote zikapakiwa kontenani bila kuuzwa hata moja ndani ya China, je, huko ni kutumia alama? Mwaka 2015, kwenye kesi ya kufuli zenye jina PRETUL zilizokuwa zinakwenda Mexico, mahakama ya juu kabisa ya China ilisema hapana, hakuna Mchina anayeziona kufuli hizo sokoni, kwa hiyo hakuna wa kuchanganyikiwa. Watu wakapumua. Kisha ikaja 2019. Kampuni ya Chongqing ilikuwa imetengeneza pikipiki zenye jina HONDAKIT kwa mteja wa Myanmar, mwenye usajili wake halali kabisa huko kwao. Forodha ikaushika mzigo, Honda ikashtaki, shauri likapanda ngazi hadi juu. Safari hii mahakama ileile ikasema huo ni uvunjaji wa haki. Cheti cha Myanmar hakikumsaidia mtu, kwa sababu kosa lilikuwa limefanyika China.

Weka BRELA mahali pa Myanmar uone.

Na forodha ya China ina desturi ambayo wengi wetu hatuitarajii. Forodha zetu tumezizoea kukagua kinachoingia. Ya China inakagua na kinachotoka. Mwenye alama akishaiandikisha kwao, ofisa akikuta bandarini mzigo wenye jina hilo anausimamisha na kumjulisha. Mwenye alama ana siku 3 za kazi kuomba mzigo ushikiliwe na kuweka dhamana. Kwa hiyo mtu aliyesajili TIMKA kabla yako hahitaji hata kukufuata Dar es Salaam. Anakusubiri getini.

Atakuwa nani huyo? Kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni mtu unayemfahamu. China haki ya jina ni ya aliyetangulia kuomba. Kulitumia kwako miaka 6 Kariakoo hakukupi nafasi mbele ya foleni. Anayejua kwamba jina linauza ni yule anayeona oda zako zikikua: kiwanda, msafirishaji wa mizigo, hata mkalimani aliyekuzungusha Huaqiangbei, soko la vifaa vya umeme la Shenzhen. Wengine hawana ubaya wowote. Kaka wa TIMKA alinionyesha ujumbe wa WeChat kutoka kwa dada wa mauzo wa kiwandani: tutakusaidia kusajili, bei nafuu, wewe lipa tu. Nikamwambia muulize, mwombaji anaandikwa nani? Jibu likarudi baada ya dakika 2: kiwanda, kwa sababu wewe huna kampuni China.

Hiyo ndiyo sentensi ya kuikimbia. Huhitaji kampuni China ili kumiliki alama China. Unaweza kuomba kwa jina la kampuni yako iliyosajiliwa BRELA, au kwa jina lako mwenyewe na pasipoti. Kinachotakiwa na sheria yao ni kwamba mgeni asiye na makazi wala ofisi huko apitie kwa wakala wa alama za biashara aliyeandikishwa kwenye ofisi yao ya kusajili alama na hataza, CNIPA. Wakala huyo anakuwakilisha. Mwenye mali unabaki wewe. Kama jina limeshachukuliwa na mshirika wako wa biashara, sheria inakuruhusu kwenda kulifuta, lakini una miaka 5 tangu liliposajiliwa, na utadaiwa ushahidi wa uhusiano wenu: mikataba, ankara, risiti za benki, meseji. Nani kati yetu ana mkataba wa maandishi na kiwanda? Wengi wana picha za WeChat kwenye simu iliyoibiwa mwaka juzi.

Njia ya kuingia ni moja kwa sisi Watanzania. Wakenya wamo kwenye mfumo wa Madrid, wa kuomba nchi nyingi kwa ombi moja, tangu 1998, na Wanyarwanda tangu 2013. Wao wanaweza kuanzia ofisi ya nyumbani na kuichagua China kwenye orodha. Tanzania haimo, kwa hiyo tunaomba moja kwa moja kule. Sisikitiki sana, na nitaeleza kwa nini muda si mrefu. Tunachokuwa nacho ni haki ya kipaumbele ya Mkataba wa Paris: ukiomba BRELA leo, una miezi 6 ya kuomba China na ukahesabiwa kama umeomba tarehe ileile ya BRELA. Miezi 6 inaisha upesi kuliko unavyodhani. Mtu anasema ngoja kwanza cheti cha BRELA kitoke, na kikitoka nafasi imeshapita.

Sasa, kazi ya wakala mzuri ni ipi? Ada ya serikali kule ni ndogo: yuani 270 kwa kundi moja la bidhaa ukiomba kwa mtandao, na inabeba bidhaa 10; ya kumi na moja unaongeza yuani 27. Kinachobaki kwenye ankara ni malipo ya wakala, na humo ndimo watu wanamotaka kubana. Wapo mawakala wa bei ya kutupa wanaojaza fomu na kuituma jioni hiyohiyo. Utapata namba ya maombi, utafurahi, na baada ya miezi kadhaa utapata barua ya kukataliwa. Mimi nalipia mambo mawili: upekuzi wa daftari lao kabla ya kuomba, kuona kama jina limeshachukuliwa, na namna bidhaa zinavyopangwa.

Dunia inatumia makundi 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Vifaa vya umeme vya TIMKA viko kundi la 9. Kwa BRELA ungeishia hapo. China wamelikata kila kundi vipande vipande na kuvipa namba. Simu ziko 0907. Spika na hedifoni ziko 0908. Chaja na pawabenki ziko 0922. Mkaguzi anapolinganisha alama yako na ya mwingine, kwa kawaida anaangalia kipande, haangalii kundi zima. Maana yake ukisajili TIMKA kwa chaja tu, mtu mwingine anaweza kusajili TIMKA kwa spika, kundi lilelile la 9, na mkaguzi akampitisha bila kukuangalia. Ndiyo sababu silalamiki sana kuhusu Madrid. Wanaopitia huko hutumia orodha ya bidhaa iliyoandikwa nyumbani kwa lugha ya jumla, na vipande hivi vinaweza kuwaponyoka.

Najua hili kwa sababu liliniunguza. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mteja wa nguo. Nikaagiza kundi la 25, "nguo", wakala akaomba kama nilivyosema, cheti kikatoka safi. Baadaye mama yule akataka kuongeza kandambili. Nguo ni 2501, viatu ni 2507, na 2507 ilikuwa imeshachukuliwa. Wakala hakuwa na kosa; alifanya nilichoandika. Kosa lilikuwa langu, na nilimweleza mteja hivyo, ana kwa ana, sebuleni kwake, huku chai inapoa. Tangu siku hiyo sitaki wakala anayetii tu. Namtaka yule anayeniandikia, "Umesahau viatu, kofia na soksi."

Kwa TIMKA ripoti ya upekuzi ilirudi baada ya siku 3. Upande wa chaja, 0922, peupe. Upande wa spika kulikuwa na alama ya herufi zinazofanana nayo sana, tuseme TIMKO, ya kampuni ya huko. Mkaguzi wa China hajui kwamba kutimka ni kukimbia. Kiswahili kwake ni herufi 5 zilizopangwa, na anahesabu ngapi zimegongana. Wakala akapendekeza tusiweke mayai yote kapu moja: ombi la kwanza chaja na pawabenki, ombi la pili spika peke yake, na papo hapo tuangalie kama TIMKO inatumika. Alama iliyosajiliwa ikikaa miaka 3 mfululizo bila kutumiwa, yeyote anaweza kuomba ifutwe, na ni mwenye nayo anayetakiwa kuonyesha kwamba aliitumia. Tumeomba ifutwe. Tunasubiri.

Kuna jambo jingine lililomchekesha sana mteja. Kiwanda kilikuwa kimeshaanza kuiandika TIMKA kwa herufi za Kichina kwenye karatasi zao za oda, kwa kufuata sauti tu. Wakala akanipigia: unajua wameandika nini? Herufi ya kwanza maana yake ni simama. Ya pili ni kadi, lakini mitaani inatumika pia kwa kitu kilichokwama. Chaja inayoitwa Simama-Kwama! Tukachagua herufi nyingine, ya kwanza ikiwa na maana ya anga, na hizo nazo tukaziombea. Mzaha kando, jina la Kichina usipolichagua wewe, soko litakuchagulia, na atakayelisajili huenda asiwe wewe. Mcheza kikapu Michael Jordan alipigania herufi za jina lake mahakamani miaka mingi kabla ya kupata ushindi wa sehemu mwaka 2016.

Hata jina la mwenye mali huandikwa Kichina, na hapa pana mtego wa kijinga. Kila wakala hutafsiri anavyosikia. Ukibadilisha wakala, kampuni yako inaweza kuandikwa kwa herufi tofauti, na mkaguzi akakataa ombi lako jipya kwa sababu linafanana na alama ya zamani ya "kampuni nyingine", ambayo ni wewe. Tunza karatasi ya kwanza. Mpe wakala mpya herufi zilezile, na anwani ileile.

Ukikataliwa una siku 15 za kuomba mapitio. Siku 15, si miezi. Ikiwa barua imefika kwa wakala Ijumaa, akakuandikia Jumanne, nawe uko safarini Tunduma na mtandao unasuasua, umebakiwa na wiki moja na kidogo. Kwa hiyo kabla hatujatuma ombi, nakubaliana na mteja kwa maandishi: barua mbaya ikija na nisipokupata simuni, niombe mapitio au niache? Ombi likipita ukaguzi linatangazwa miezi 3 kwa wenye pingamizi, kisha kinatoka cheti cha miaka 10. Cheti kikishatoka naliandikisha jina forodha. Hakuna ada ya serikali siku hizi, na sasa ni wewe unayepigiwa simu kontena la mwigaji likifika getini. Na kila oda nawaambia watunze mkataba na nyaraka za kusafirishia, kwa sababu ile kanuni ya miaka 3 iliyompata TIMKO inatungoja na sisi.

Ombi la chaja limeshatangazwa na hadi leo hakuna aliyeweka pingamizi. Juzi kaka akanitumia picha ya boksi jipya, zuri kweli, rangi ya machungwa, na pembeni ya jina kuna ile herufi R ndani ya duara. Nikampigia palepale. Alama hiyo ni ya kitu kilichokwisha kusajiliwa. Ukiiweka mapema China unaweza kupigwa faini, na hata hapa kwetu ni kosa. Akasema kiwanda kinadai bamba la kuchapia limeshachongwa na kulichonga upya ni hela. Nimemwambia awaulize kama wanaweza kuisugua R peke yake. Wanasema watajibu kesho.