Salfa ya Mikorosho na Majivu ya Karthala: Kichujio Kinasemaje?

Ukiniletea kichujio cha hewa kutoka Mtwara chenye salfa, ukaniambia hiyo ni ya volkano, nitakuuliza kwanza kilitegwa mwezi gani. Kama ni Juni au Julai, wakulima wako mashambani wanapulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na salfa ya unga imetanda hewani kuanzia Newala hadi Tandahimba. Miezi hiyohiyo kusi inavuma, na upande inakotoka, chini ya kilomita 400 kuvuka bahari, ndiko uliko mlima wa volkano wa Karthala, kisiwani Ngazija huko Komoro. Msimu ambao majivu ya Wangazija yangetufikia kwa urahisi ndio huohuo ambao hewa yetu wenyewe imejaa salfa.

Karthala si mlima uliolala. Ulilipuka Aprili 2005, ukarudia Novemba mwaka huohuo, na majivu yakachafua maji ya mvua ambayo watu wa kisiwani huhifadhi kwenye matangi. Kwa hiyo swali la nini kingetufikia huku bara ni swali la haki, na kazi yangu ya kupima chembe za hewani inanilazimu kulijibu kwa namba.

Naanza na ukubwa, kwa sababu ukubwa ndio unaoamua nani asafiri. Kitaalamu, majivu ya volkano ni kila kipande kisichofika milimita 2, lakini sehemu kubwa ya hayo haiendi mbali. Kileleni Karthala ina mita 2,361. Chembe ya maikromita 100 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ikianzia hapo inaanguka karibu nusu mita kwa sekunde, kwa hiyo saa moja na nusu haiishi imeshatua, mara nyingi kisiwani kwenyewe au baharini jirani. Ya maikromita 10 inashuka milimita 7 au 8 tu kwa sekunde, na ingehitaji siku tatu na nusu au zaidi kufika chini. Upepo wa kilomita 18 kwa saa unafika Mtwara kwa chini ya siku moja. Ukipiga hesabu utaona kwamba chembe nyingi zinazozidi maikromita 20 au hapo zingezama njiani. Hesabu hii inabadilika mlipuko ukirusha majivu juu zaidi, ambako hata upepo unaweza kuwa wa upande mwingine kabisa, ila inatosha kunifanya nisihangaike na vumbi kubwa linaloonekana kwa macho juu ya meza. Hilo ni letu.

Kuzitenganisha kwa ukubwa natumia kifaa chenye sahani zilizopangwa juu na chini, kila moja ikiwa na matundu membamba kuliko ya iliyotangulia. Hewa inavutwa, inaongeza kasi kwenye tundu, kisha inalazimika kukata kona. Bodaboda aliyepakia magunia ya korosho hawezi kukata kona kama aliye mtupu. Chembe nzito inapitiliza na kujibamiza kwenye sahani, nyepesi inafuata hewa hadi ngazi inayofuata. Mwisho kila sahani inabaki na saizi yake.

Vile vipima vumbi vidogo vya leza, vinavyouzwa bei rahisi, sivikatai, lakini pwani vinadanganya. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 chembe ya chumvi inanyonya maji na kugeuka tone, na leza inahesabu tone zima. Hewa isipokaushwa kabla ya kuingia, utasoma bahari na kudhani ni moshi.

Kisha tunauliza imeundwa na nini. Kichujio kiwe cha polikaboneti, aina ya plastiki, laini na tambarare. Cha nyuzi za kwatzi hakifai, maana nacho ni silika, yaani silikoni na oksijeni, na silika ndiyo mojawapo ya vitu tunavyovitafuta. Chini ya hadubini ya elektroni, chumvi ya bahari inajitambulisha kwa vijisanduku vya pembe nne. Vumbi la saruji na chokaa linaonyesha kalsiamu nyingi. Udongo wetu mwekundu una chembe zilizolika pembe, na chuma kibao. Majivu ya volkano ni kioo kilichopasuka: vipande vyenye ncha kali na mikunjo ya ndani, mabaki ya kuta za mapovu ya gesi. Miale ya eksirei inayotoka kwenye kipande cha basalti, mwamba mweusi wa volkano, kama cha Karthala inapaswa kuonyesha silikoni, alumini, chuma, magnesiamu na kalsiamu kwa pamoja.

Salfa ya mikorosho ina kituko chake. Ukiielekezea mwale wa elektroni ndani ya ombwe la hadubini, pasipo na hewa, inaanza kutoweka mbele ya macho yako, kwa sababu ni salfa tupu na inageuka mvuke. Salfeti ya volkano, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, haitokani na unga. Inatokana na gesi ya dioksidi ya salfa iliyobadilika angani kuwa vitone vidogo, vingi chini ya maikromita moja, na inayeyuka kwenye maji. Salfa ya unga haiyeyuki. Kwa hiyo nachovya kipande cha kichujio kwenye maji safi na kupima kilichotoka.

Hata hapo bahari nayo inadai chake. Katika maji ya bahari, kwa kila gramu moja ya sodiamu kuna takriban robo gramu ya salfeti. Napima sodiamu, natoa robo yake, na salfeti iliyobaki ndiyo yenye la kueleza. Inaweza kuwa ya volkano, ya moshi wa meli, au ya viumbe wadogo wa baharini ambao nao hutoa gesi yenye salfa. Bila vipande vya kioo kwenye sahani za chembe kubwa kidogo, au picha ya setilaiti inayoonyesha gesi hiyo ikitoka Ngazija siku hizo, siandiki neno volkano kwenye ripoti.

Anayetaka kujaribu msimu ujao, atege vichujio viwili kwa wakati mmoja: kimoja Msimbati, upepo unapoingia kutoka baharini kabla haujapita kwenye mikorosho, kingine Newala. Na aanze Aprili, mabomba ya salfa yakiwa bado stoo.