Menahemu, mfalme aliyeulipia ufalme wake

Ukifungua 2 Wafalme sura ya 15, majina yanafuatana upesi mno: Zekaria, Shalumu, Menahemu, Pekahia, Peka. Wanafunzi wangu huyapita mbio. Mimi huwasimamisha kwa Menahemu.

Zekaria, wa mwisho katika ukoo wa Yehu, alitawala Israeli miezi 6 tu, Shalumu akamuua. Shalumu naye alidumu mwezi 1. Menahemu mwana wa Gadi alipanda kutoka Tirza mpaka Samaria, akamuua, akaketi mahali pake. Mji wa Tifsa ulipokataa kumfungulia malango aliupiga, na wanawake wajawazito hawakusalimika. Ilikuwa katikati ya karne ya 8 KK.

Kisha akaja Pulu, mfalme wa Ashuru, ambaye ndiye Tiglath-pileseri wa Tatu (745–727 KK). Menahemu hakupigana naye. Alimpa talanta 1,000 za fedha ili amuunge mkono, ufalme usimponyoke.

Hapa msomaji wa Kiswahili awe macho, kwa sababu kwetu fedha ni pesa. Israeli ya wakati ule haikuwa na sarafu. Fedha ilikuwa madini yenyewe: vipande vilivyokatwakatwa, pete zilizovunjika, nyuzi zilizokunjwa, vyote vikipimwa kwa mizani dhidi ya vijiwe vya uzito. Kila mwenye mali alidaiwa shekeli 50, zaidi kidogo ya nusu kilo. Talanta 1 ni shekeli 3,000, kwa hiyo hesabu inatupa walipaji 60,000 hivi na shehena ya tani zaidi ya 30. Huoni hapo nyumba baada ya nyumba ikifungua mtungi wake? Kwangu mimi, mstari huo mmoja unaeleza chuki iliyofuata kuliko hotuba yoyote.

Waashuru nao waliandika. Katika orodha ya Tiglath-pileseri ya waliomletea kodi, “Menahemu wa Samaria” yumo pamoja na Resini wa Dameski na Hiramu wa Tiro.

Menahemu alitawala miaka 10 akafa kifo cha kawaida, bahati ambayo hakuna mwingine kati ya hao watano aliyeipata. Mwanawe Pekahia alirithi kiti. Baada ya miaka 2, Peka, akida wake mwenyewe, aliingia na watu 50 wa Gileadi, akamuua ndani ya ngome ya jumba la mfalme.