Kusi ni upepo gani hasa?

Ndugu mmoja ameniuliza kama upepo uliompeperushia kofia Januari ni kusi, na kama utamletea ndege wa bahari. Kusi ni upepo wa msimu unaovuma pwani yetu tangu Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, ukitokea kusini mashariki. Kaskazi ni ule wa Desemba hadi Machi, wa kaskazini mashariki. Kati yake ni maleleji, upepo ukigeukageuka. Maana ni hiyo tu.

Kinachoniudhi ni kusikia pale Coco Beach, Dar es Salaam, kila upepo mkali ukiitwa kusi, hata Januari, kisha mtu anaeleza kwamba kusi ni kifupi cha kusini. Ni kinyume chake. Kusi ndilo neno lenyewe, jina la upepo. Likatiwa -ni ya mahali kama ile ya mjini na shambani, tukapata kusini, yaani upande inakotoka kusi. Kaskazini nako vivyo hivyo. Anayeanzia kwenye dira hudhani kusi hutoka Mtwara ikiambaa na pwani. Hapana, hutoka bahari kuu na kuingia nchi kavu kwa mshazari.

Mtazamaji wa ndege wa bahari anautegemea sana mshazari huo. Mashariki ya Dar, mbali kupita upeo wa macho, kuna Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kitupu wanakotaga membe na ndege wengine wa bahari kuu. Hawa hawana haja na ufukwe wetu. Lakini kusi ikikaza siku kadhaa mwezi wa Julai, baadhi huweza kusukumwa hadi darubini ikawafikia ukiwa Ras Kimbiji au Oysterbay. Nenda alasiri, jua likiwa mgongoni. Mtafute pia ndege wa kahawia wa bahari kuu mwenye mabawa marefu membamba, asiyepigapiga bawa. Huinama ubavu mpaka ncha ya bawa ikaribie kugusa wimbi, hupanda ghafla, hugeuka, hushuka tena. Karibu na maji upepo ni dhaifu, juu kidogo ni mkali, naye anasafiri kwa tofauti hiyo. Ni ufundi wa kustaajabisha, na siku ya shwari huuoni.

Kaskazi ina wageni wake, shakwe wanaokimbia baridi ya kaskazini ya mbali, nao huja hata upepo ukilala. Kwa hiyo, ndugu yangu, upepo uliokupeperushia kofia Januari ni kaskazi. Shakwe utawaona, tena wengi. Hao wa bahari kuu, wasubiri kuanzia Juni.