Mbunge asiyesikika huenda hajalala

Kwa miaka mingi, kuanzia Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya hadi vijiwe vya Iringa, mbunge amepimwa kwa mara anazosimama kuchangia bungeni, na asiyeonekana kwenye runinga huambiwa amelala. Kipimo hicho kina upungufu mkubwa. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali, na sehemu kubwa ya usimamizi huo hufanyika katika kamati, nje ya ukumbi ambako mchangiaji hupewa dakika chache tu. Baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuwasilishwa bungeni, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huweza kumwita mkurugenzi wa halmashauri aeleze, kwa mfano, kwa nini zahanati imekomea kwenye linta ilhali mkandarasi amekwishalipwa fedha zote. Swali moja la namna hiyo, kwa maoni yangu, huzidi hotuba nzima ya kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Michango ya ukumbini, ambayo huingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ina uzito wake. Lakini mpiga kura wa Kyela au Mufindi anayeisoma aulize pia mbunge wake yumo kamati gani na humo amehoji nini.