Barua, Mlango na Kikapu: Riwaya za Nyumba Zisizo na Amani

Kazi yangu ni kuhariri riwaya, na ombi ninalolipata mara kwa mara ni hili: "Nipe kitabu cha mambo ya familia, ila kisinihubirie." Nawaelewa. Miswada mingi inayofika mezani kwangu ina mume mlevi ukurasa wa kwanza na mke anayelia hadi ukurasa wa mwisho. Unaufunga umechoka, na hujamjua mlevi wala mkewe.

Mimi hutafuta kitu. Ugomvi wa nyumba ukikaa kwenye kitu ninachoweza kukishika, naendelea kusoma.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), kitu hicho ni barua. Zakaria, huko Ukerewe, anagundua kwamba bintiye Rosa ameandikiwa na kijana aitwaye Charles, basi anampiga vibaya sana. Kipigo chenyewe kinakwisha upesi. Woga ndio unaobaki, na Kezilahabi anaufuatilia mpaka chuo cha ualimu Morogoro, ambako Rosa anapata uhuru asiojua aufanyie nini. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa ajili ya mambo ya mapenzi. Nilipokirudia ukubwani, aliyenishtua ni Zakaria: mlevi anayeshindwa kuitunza nyumba ndiye huyo huyo anayejifanya mlinzi wa heshima yake.

Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) ni mlango. Yasmin ana miaka 15, Raza, mume aliyeozwa, ana 52. Anapomkimbia, jamaa zake wanamfukuza. Anayemfungulia ni shoga yake Mwajuma, kule Ng'ambo, Unguja. Udugu wa damu unashindwa na urafiki, na mwandishi wala hakupigii kelele kukuonyesha hilo.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei wengi mliisomea mtihani Kenya, mkaichukia kwa sababu hiyo. Irudieni, angalau pale Ridhaa anaposimama mbele ya majivu ya nyumba yake baada ya vurugu za uchaguzi. Ndugu waliotengana wanavyokuja kukutana kibahati-bahati, hapo mimi ningemsumbua kidogo mwandishi.

Lakini ukiwa na nafasi ya kimoja tu, na Kiingereza hakikusumbui, chukua Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah (2017). Salim ana miaka saba, Zanzibar, baba yake anapohama nyumbani na kwenda kuishi chumba cha uani nyuma ya duka. Hakuna talaka, hakuna mayowe. Mama anaendelea kumpikia, na mtoto ndiye anayebeba kikapu cha chakula. Mke anayempikia mume aliyemwacha! Nilidhani ni mapenzi, nikadhani ni ada, nikakosea kote. Salim mwenyewe anakuja kuelewa akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi Uingereza. Mama keshafariki, na anayemsimulia ni baba.