Huria na bure si neno moja

Juzi nilikuwa kwenye stesheneri moja ya hapa Ngamiani, Tanga, nikisubiri kutoa kopi, akaingia mama mmoja, mwalimu, flashi mkononi na uso umekunjika. Wiki iliyotangulia kijana wa hapo alikuwa amemwekea Linux kwenye flashi hiyo ili aitumie kwenye laptopu yake ya zamani, akamtoza elfu ishirini, flashi yenyewe ikiwemo. Sasa mwanawe anayesoma Dar amempigia simu: "Mama, umeliwa. Hiyo ni huria, na huria maana yake bure." Kijana naye, badala ya kueleza, akainamisha kichwa. "Samahani mwalimu, ni kweli ni ya bure, ila nilitumia bando langu kuishusha."

Hakuna aliyeliwa pale. Lakini watu watatu, wote wasomi, wamelishika neno moja vibaya, na mimi nimelisikia likishikwa hivyo mara nyingi mno.

Kwanza kitu chenyewe, kwa haraka. Linux, kama Windows, ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Kwa kawaida unakaa kwenye diski ya ndani. Huu wa kwenye flashi haukai humo: unachomeka flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea aina ya kompyuta, unachagua flashi kwenye orodha, na mfumo unapanda kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kufanya kazi hapo bila kuigusa Windows iliyomo ndani. Ukizima na kuchomoa, mashine inabaki kama ulivyoikuta. Faili zako zinabaki kwenye flashi iwapo tu umetenga sehemu ya kuzihifadhi. Usipotenga, ukizima zimekwenda. Tena usiichanganye na flashi ya kupigia Windows, ambayo kazi yake ni kuusimika mfumo kwenye diski ya ndani basi.

Sasa neno. Huria tumelitoa kwenye Kiarabu, hurriya, na ndugu zake ni huru na uhuru. Ukoo huu wote hauhusiani na bei. Katika pwani yetu, kumwita mtu huru lilikuwa jibu la swali zito: ana bwana, au hana? Aliyeachwa huru ni yule aliyetoka chini ya mkono wa aliyemmiliki. Baada ya hapo aliweza kuhama, kununua, kuuza, kufanya kazi kwa ujira wake mwenyewe. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wito uliofuata ulikuwa Uhuru na Kazi, na kila aliyeusikia aliuelewa.

Soko huria nalo tunalijua. Lilipokuja, hakuna aliyekwenda sokoni na kapu tupu akarudi na nyanya bila kulipa. Huria pale maana yake ni kwamba serikali haikupangii uuze nini na kwa bei gani. Halafu kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Muulize mwanafunzi wake yeyote kama halipi ada. Huria yake ni ya mlango: unasoma ukiwa kazini, ukiwa Tanga au Tunduru, bila kuhamia bwenini. Neno lile lile, na hakuna anayekwenda kudai arudishiwe ada yake kwa sababu chuo kinaitwa huria. Likifika kwenye kompyuta tu, ghafla linageuzwa kuwa bure.

Na bure ni neno la njia nyingine kabisa. Ni kitu kisicholipiwa, na pia ni kitu kisicho na faida: kazi bure, maneno bure, mtu bure, nimekuja bure. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Ukimwambia mtu "hii Linux ni ya bure", umemnyima habari ya uhuru alio nao, na papo hapo umemtilia shaka kwamba kitu chenyewe ni hafifu, cha kushikilia kwa muda mpaka apate cha maana.

Wenye Kiingereza wana udhuru. Kwao neno moja, free, linabeba maana zote mbili. Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huria, ametumia miaka mingi kueleza kwamba anazungumzia uhuru wala si bei. Yeye mwenyewe mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150, na programu ile ilikuwa huria kabisa. Utata ukawachosha wengine, na mwaka 1998 wakabuni jina jipya, open source, lile tunalolitafsiri chanzo huria. Sisi hatukuhitaji kubuni chochote. Maneno mawili tunayo tangu zamani, kila moja na kazi yake, na tunayakoroga wenyewe.

Uhuru wenyewe ni huu: uitumie programu kwa kazi yoyote, uufungue msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, na kuusoma, uubadilishe, na uwape wengine nakala, iwe kama ulivyoipata au kama ulivyoibadilisha. Ukiiuza au ukiigawa, hiari yako.

Mifumo hii ya kwenye flashi imezaliwa na uhuru huo. Mwaka 2000 Klaus Knopper wa Ujerumani aliichukua Debian, mfumo uliojengwa na watu wengine, akaibana hadi takriban gigabaiti mbili za programu zikaenea kwenye CD moja ya megabaiti 700, akaiita Knoppix. Hakupiga hodi kwa mtu, leseni ilikwisha kumruhusu. Flashi zilipopata nafasi kubwa, kazi ile ile ikahamia huko. Puppy, iliyokuwa kwenye flashi ya yule mwalimu, ilianzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003 kwa ajili ya mashine zenye RAM kidogo. Kauler alikuja kung'atuka, na Puppy ikaendelea mikononi mwa wengine. Hapa kwetu, mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote.

Linganisha na Windows To Go. Microsoft iliitoa mwaka 2012 pamoja na Windows 8 ili wafanyakazi wa makampuni wabebe Windows kwenye flashi. Mwaka 2020 ikaiondoa. Mwenye mali alitoa, mwenye mali akachukua, na aliyekuwa akiitumia hakuwa na msimbo wa kuiendeleza mwenyewe.

Upande wa pili upo pia. WhatsApp ni ya bure, hulipii kuiweka kwenye simu, lakini msimbo wake hupewi na kuigeuza huruhusiwi. Hiyo ni bure isiyo huria. Na ile Windows iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, inayozunguka mjini kwa flashi za marafiki, ukipewa bila senti, bado ina bwana wake, na unaitumia kwa kujificha.

Niliyasema haya pale dukani kwa ufupi zaidi. Nikamwambia mwalimu kwamba elfu ishirini yake imelipia flashi, bando na saa za kijana, na hizo zote ni mali na jasho la mtu. Kijana nikamwomba tu, safari ijayo asiombe samahani kwa kutoza, na asiseme bure. Aseme huria, kisha amweleze mteja ameruhusiwa nini, kwa sababu hilo mwalimu hakuambiwa.

Mwalimu akaigeuza flashi mkononi. "Kwa hiyo naweza kuinakili nikampa mwenzangu pale shuleni?"

"Hata wenzako kumi, mama. Na huhitaji kumuuliza huyu wala mimi."

Akamgeukia kijana, akauliza flashi tupu anauza shilingi ngapi.