Je, wajua kazi ya kambi ya Wamarekani inaweza kukufuta kwenye daftari la wakaazi wa Japani?

Mgeni anaishi Japani kihalali, ana kadi yake ya ukaazi, analipa kodi na bima. Siku moja anapata kazi ndani ya kambi ya jeshi la Marekani, tuseme Yokosuka, Yokota au Kadena kule Okinawa. Je, ukaazi wake unaguswa?

Inategemea nani ameandikwa kwenye mkataba kuwa mwajiri wake. Kambi ni ile ile na lango ni lile lile, lakini kuna ajira isiyogusa hadhi ya mtu hata kidogo, na kuna nyingine inayomtoa kabisa katika mfumo wa uhamiaji wa Japani huku yeye mwenyewe bado anaishi humo humo nchini. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla hata ya mshahara, na inasikitisha kwamba wengi hulifikia wakati karatasi zimeshatiwa saini.

Chanzo cha yote ni mkataba wa hadhi ya majeshi, ambao karibu kila mtu kambini huuita SOFA. Ulitiwa saini Januari 1960 pamoja na mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Leo Japani ina wanajeshi wa Marekani zaidi ya 50,000, na SOFA ndiyo inayoeleza wao ni nani mbele ya sheria za Japani. Inataja makundi matatu: wanajeshi wenyewe, watumishi wa kiraia wanaofanya kazi na jeshi, na wategemezi wao, yaani mke au mume na watoto wenye umri chini ya miaka 21. Mtoto aliyevuka umri huo au mzazi huingia ikiwa zaidi ya nusu ya matumizi yake yanatoka kwa mwanajeshi au mtumishi huyo.

Watu hawa hawafuati sheria za Japani za kuandikisha na kudhibiti wageni. Hawapewi kadi ya ukaazi wala hawaingii kwenye daftari la wakaazi la manispaa. Kinachoonyesha uhalali wa mtumishi wa kiraia au mtegemezi ni alama ya SOFA kwenye pasipoti. Mshahara anaolipwa na jeshi hautozwi kodi ya mapato ya Japani, na muda anaokaa kwa sababu hiyo peke yake hauhesabiwi kuwa ni ukaazi kwa ajili ya kodi. Hata gari lake hutambulika barabarani, kwa kuwa kibao cha namba yake kwa kawaida huwa na herufi Y.

Lakini ibara ya 9 ya mkataba huo huo inasema kwamba watu hao hawapati haki yoyote ya ukaazi wa kudumu wala makazi Japani kwa kukaa kwao. Mwombaji wa kawaida wa ukaazi wa kudumu hutakiwa kuwa ameishi Japani miaka 10 mfululizo, na kati ya hiyo, angalau 5 awe na viza ya kazi au hadhi ya ukaazi kama ile ya mwenzi wa Mjapani. Mtu aliyekaa Okinawa miaka 12 chini ya SOFA, anayezungumza Kijapani vizuri na kusalimiana na mtaa mzima, akienda uhamiaji anakuta miaka ile haihesabiki kama ukaazi. Mimi naona hapa ndipo penye uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya mkataba. Msamaha wa kodi unauona kila mwezi kwenye mshahara, ilhali miaka isiyohesabiwa huionekani mpaka siku unapoihitaji.

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Kama si raia wa Marekani, hawezi kuwa mtumishi wa kiraia wa SOFA, kwa sababu mkataba unataka uraia wa Marekani. Mtanzania au Mkenya mwenye pasipoti ya kwao tu anaweza kuingia SOFA kama mke au mume wa mwanajeshi, lakini si kwa kuajiriwa. Kilichobaki kwake ni ajira ya wenyeji. Utaratibu wake unawashangaza wengi: mwajiri kisheria ni serikali ya Japani kupitia Wizara ya Ulinzi, na jeshi la Marekani ndilo linalomtumia mfanyakazi huyo. Maombi na mishahara hupitia shirika la umma lililoanzishwa mwaka 2002 kwa kazi hiyo. Wafanyakazi wa namna hii ni takriban 25,000: wazima moto, mafundi, wapishi, makarani, wafasiri. Wanalipwa kwa yeni na kukatwa kodi, bima ya afya na pensheni kama mfanyakazi mwingine yeyote nchini.

Aliyeajiriwa hivyo habadilishi hadhi. Kadi yake inabaki, miaka yake inaendelea kuhesabiwa. Anachotakiwa kuangalia ni kama viza yake inaruhusu kazi anayopewa. Mwenye ukaazi wa kudumu au mwenzi wa Mjapani hana mipaka ya kazi. Mwenye viza ya uhandisi hawezi kwenda kuosha vyombo kambini kwa sababu tu kambi ni ya Wamarekani, na akibadilisha mwajiri anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14.

Kwa raia wa Marekani mambo yanakuwa magumu zaidi, wakiwemo wale waliozaliwa Afrika Mashariki wakapata uraia wa Marekani. Tuseme mmoja wao ameolewa na Mjapani, ana ukaazi wa kudumu, na kambi inamtaka kwa nafasi ya serikali ya Marekani. SOFA inawatenga waziwazi watu ambao kwa kawaida ni wakaazi wa Japani, kwa hiyo hawezi kushika vyote viwili. Ili aingie SOFA inabidi aachane na ukaazi wake. Uwanja wa ndege kuna fomu ndogo yenye kisanduku cha kuweka alama, cha kusema unatoka kwa muda na utarudi. Asipoiweka, na hana kibali kingine cha kurudi, kadi yake inatobolewa tundu na ukaazi wa kudumu umekwisha. Akirudi na alama ya SOFA anarudi kazini na nyumbani kwake, ila kazi ikiisha hakuna wa kumrudishia ile kadi. Ataanza kuomba upya.

Uangalizi wa mpaka huo kati ya wakaazi na watu wa SOFA umeongezeka. Aprili 2016 mwanamke wa miaka 20 aliuawa mjini Uruma, Okinawa, na aliyehukumiwa alikuwa mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani, aliyekuwa akifanya kazi Kadena katika kampuni yenye mkataba na kambi, chini ya hadhi ya SOFA. Watu wa Okinawa waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini mtu wa namna hiyo alilindwa na mkataba wa kijeshi. Januari 2017 nchi mbili zilitia saini makubaliano ya nyongeza yanayobainisha nani hasa ni mtumishi wa kiraia, na kuimarisha ukaguzi ili wakaazi wa kawaida wasiingizwe humo.

Tofauti ya hadhi hizi mbili ilionekana wazi mwaka 2020. Kuanzia Aprili, wakati wa korona, wageni wakaazi waliotoka Japani, hata wenye ukaazi wa kudumu, walizuiwa kurudi kwa miezi kadhaa isipokuwa kwa sababu maalumu. Watu wa SOFA waliendelea kuingia kupitia kambi. Aliyejenga maisha yake nchini kwa miaka 20 alikwama nje, na aliyepangiwa kazi ya miaka 3 akapita.

Wanaobeba hatari kubwa zaidi ni wategemezi, kwa kuwa hadhi yao inamfuata mtu mwingine. Ndoa ikivunjika, au mwanajeshi akiacha kazi, alama iliyo kwenye pasipoti haina kazi tena. Sheria ya uhamiaji inamruhusu mtu wa namna hiyo kubaki hadi siku 60 bila hadhi yoyote, lakini akitaka kukaa zaidi ya hapo anatakiwa awe ameomba hadhi mpya ndani ya siku 30 za mwanzo. Ombi ni la kupata hadhi, si la kubadilisha viza, maana kwa uhamiaji hakuwahi kuwa nayo. Siku zinaanza kuhesabiwa tarehe ile SOFA ilipokoma. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kudai kambini, kabla ya kurudisha kitambulisho, ni barua inayoonyesha tarehe hiyo.